Marahaba ya Serikali

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina, na si kwa sababu ninaogopa. Ninaogopa, ndiyo, lakini sababu ni nyingine: katika miaka sita imebadilishwa jina mara tatu, na mihuri ya jina la sasa bado haijafika kutoka kiwandani. Tuiite nchi yetu, kama tunavyoiita wenyewe tukiwa mbali na masikio ya watu.

Mimi nilikuwa karani. Naomba hilo lieleweke mapema, kabla sijaanza kulaumiwa. Karani hapindui serikali wala haitetei. Karani anaandika anachokisikia, kwa mwandiko unaosomeka, na jioni anafunga daftari anakwenda zake nyumbani. Nimetumikia ufalme, nimetumikia mapinduzi, sasa natumikia dola, na katika zote tatu sijawahi kuchelewa kazini hata siku moja.

Enzi za Mfalme Ngwaru wa Tisa kila kitu kilikuwa chake. Mvua ilikuwa yake, ingawa ukame ulikuwa wa wananchi. Kila aliyetimiza miaka saba alitakiwa afike ikulu mara moja kila baada ya miezi mitatu, asimame mbele ya kiti cha enzi, aseme shikamoo. Akishaitikiwa, anapewa cheti cha kuamkia. Bila cheti hupokelewi hospitali, huoi, huolewi, na ukifa huzikwi mpaka ndugu zako waje waamkie kwa niaba yako.

Lakini mfalme mwenyewe alikuwa haitiki. Wataalamu wa ikulu walieleza kwamba kuitika ni kukiri kuwa umesemeshwa, na mfalme hasemeshwi. Kwa hiyo palikuwa na Mwitikiaji Mkuu, mtumishi wa daraja la kwanza, aliyekaa kwenye kigoda upande wa kulia wa kiti cha enzi na kusema marahaba badala ya mfalme. Mtu huyo aliitwa Mzee Mwinshehe. Nilikaa naye miaka kumi na tisa, yeye akiitika, mimi nikiandika. Marahaba yake ilikuwa nzito na yenye upole, na wapo watu walioondoka pale wakifuta machozi, wakidhani wamependwa.

Sauti ile ilikuwa mali ya serikali. Alfajiri aliinyweshea tangawizi na asali ya serikali, na nje ya ikulu hakuruhusiwa kuitumia hovyo. Neno marahaba ndilo aliloapishwa kabisa asilitamke nyumbani. Binti yake wa pekee, Siwatu, alimwamkia kila asubuhi kama watoto wote wanavyowaamkia baba zao, naye akamjibu kwa kuinua kidole.

Siwatu nilimwona kwanza akiwa na miaka saba, mwaka wangu wa kwanza kazini. Alikuja kwenye foleni na mama yake, amevaa viatu vya kuazima. Aliposema shikamoo hakumtazama mfalme, alimtazama babake. Mzee akaitika. Mtoto akamgeukia mama yake akauliza, kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima, kama marahaba ile ni ya baba au ya mfalme. Mama alimziba mdomo na kumvuta nje.

Swali lile sikuliandika. Daftari langu lilikuwa na safu mbili tu, moja ya jina la mtu na nyingine ya jibu alilopewa. Safu ya shikamoo haikuwapo, kwa kuwa haikuwezekana mtu asimame mbele ya kiti kile asiamkie. Ukiitikiwa, basi uliamkia, na mambo yamekwisha.

*

Mapinduzi yetu, ambayo siku hizi yanafundishwa shuleni kwa ramani na mishale, yalianzishwa na mafua. Jumatatu moja Mzee Mwinshehe aliamka hana sauti. Alikaa kwenye kigoda chake, mtu wa kwanza akaamkia, Mzee akafungua mdomo, ikatoka pumzi tupu. Kanuni ilisema foleni haisogei mpaka wa mbele aitikiwe. Basi foleni haikusogea.

Ilipofika Jumatano ilikuwa imetoka ikulu, imepita soko la mitumba, imezunguka kituo cha polisi na kuishia makaburini. Watu elfu saba walikuwa juani, kila mmoja na cheti kinachokaribia kuisha muda. Wanawake wawili walijifungua humo humo, na watoto wakapewa nafasi zao nyuma ya mama zao. Waziri wa Heshima alimwendea mfalme kwa magoti akaomba kama Mtukufu angeweza, kwa siku hiyo tu, kulisema neno lile mwenyewe. Mfalme aliuliza neno gani.

Saa tisa alasiri Siwatu alipanda juu ya pipa la maji la askari. Wakati huo alikuwa mwalimu wa sekondari, mwembamba, na vumbi la chaki kwenye mikono ya gauni. Nilikuwa dirishani, nilimsikia vizuri, na wala hakupaza sauti.

"Tumeamkia siku tatu hatujaitikiwa," alisema. "Mimi naona humu ndani hamna mtu. Twendeni tukaangalie."

Walinzi wangeweza kupiga risasi. Lakini vyeti vyao vilikuwa vimeisha muda mchana ule, na sheria ilimkataza mtu asiye na cheti kushika bunduki ya serikali, kwa hiyo waliziweka chini kwa mpangilio mzuri. Kamanda wao, Luteni Gombera, kijana aliyejulikana kwa kung'arisha mkanda wake tu, alitazama watu wanaelekea wapi, akakimbia akawapita, akatangulia. Tangu siku hiyo husema kwamba alikuwa anawaongoza.

Mfalme alikutwa kitini. Hakuna aliyemgusa. Siwatu alimsogelea hadi hatua mbili, akasema taratibu, "Shikamoo." Nawajua watu wetu: angeitika tu, wangerudi kwenye foleni na kuomba radhi. Mfalme alifungua mdomo, akamgeukia Mzee Mwinshehe, akasubiri. Mzee hana sauti. Mfalme akaendelea kusubiri. Kabla jua halijazama alikuwa amepakiwa kwenye lori la mkaa na kupelekwa mpakani, ambako askari walimkalisha siku mbili kwa kuwa hakuwa na cheti.

*

Amri ya Kwanza ya Jamhuri iliandikwa na Siwatu mwenyewe. Ilisema kwamba shikamoo maana yake ni nashika miguu yako, na kuanzia leo hakuna atakayeshika miguu ya mwenzake isipokuwa daktari na fundi viatu. Salamu mpya ni "Sawa?" na jibu lake ni "Sawa." Neno mfalme likapigwa marufuku popote lilipo, na mwuza chakula wa mtaani kwetu aliyejiita Mfalme wa Chipsi akapewa saa mbili za kuwa Ndugu wa Chipsi.

Sitaki kudanganya, wiki zile za mwanzo zilikuwa tamu. Jaji na mfagizi walikutana mlangoni wakaulizana sawa. Mke wangu aliniambia sawa nikaona haya kidogo, kisha nikazoea. Watu walitembea wamenyoosha shingo, na mimi pia nilijaribu, ingawa kwa karani ni kazi ngumu.

Kisha zikaja adhabu, maana kila kitu kizuri kinahitaji adhabu ya kukilinda. Atakayesema shikamoo, jela miezi sita. Atakayesema marahaba, kunyongwa, kwa sababu anayepokea unyenyekevu ni mkosaji mkubwa kuliko anayeutoa. Hili la pili Gombera ndiye aliyelipendekeza, na Siwatu, katika shangwe zile, alitia sahihi. Hakufikiri kwamba katika nchi nzima kuna mtu mmoja tu ambaye kazi yake ilikuwa kusema marahaba.

Mzee Mwinshehe alishtakiwa kwa marahaba milioni mbili na ushei. Ushahidi ulikuwa daftari langu. Gombera, sasa Ndugu Mwenyekiti, alikaa mbele, na Siwatu alikaa kando yake kama Katibu. Mimi niliulizwa swali moja tu, kama mwandiko ni wangu. Nikasema ni wangu, na hilo lilikuwa kweli tupu.

Kila aliyekuwa mle alijua sheria ni ya Siwatu. Akiibadilisha kwa ajili ya babake, haina maana tena kwa mtu yeyote. Asipoibadilisha, babake atanyongwa Ijumaa. Siwatu alisimama, na Gombera akaanza kugongagonga meza kwa kalamu.

"Huyu mzee hajawahi kuitika kwa niaba yake mwenyewe hata mara moja," alisema hatimaye. "Nimemwamkia kila siku tangu nianze kusema. Muulizeni mama. Nyumbani kwetu hajaniitikia hata siku moja, mimi mwanawe. Kama marahaba ni kosa, mwenye kosa alishavushwa mpaka."

Mzee alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Kamati iliyosikiliza kesi ikaenda chumba cha pili, ikarudi, ikasema atabaki hai kwa sharti kwamba asiseme neno lolote mbele za watu maisha yake yote. Akarudi nyumbani na kidole chake kile kile. Nilifurahi, nakiri, na nikaomba ruhusa ya nusu siku.

*

Sasa niseme habari ya kiti. Jamhuri ilivunja kila kitu cha ufalme isipokuwa samani, kwa sababu Kamati ya Samani haikufanikiwa kufikisha idadi ya wajumbe. Kwa hiyo Ndugu Mwenyekiti alikalia kiti kile kile cha enzi, kikiwa kimefunikwa shuka jeupe. Katika mkutano wa hadhara wa mwaka wa pili aliitwa Bi Kazija, mwuza vitumbua mwenye umri wa kumzaa Gombera, aje ampe zawadi ya wananchi. Alipanda jukwaani na sahani yake. Shuka lilikuwa limeteleza. Akakiona kiti, na mdomo uliokiamkia kwa miaka zaidi ya sitini ukafanya kazi yake wenyewe.

"Shikamoo," alisema.

Bi Kazija aliona alichokifanya, akaikumbatia sahani yake. Sheria ilimdai miezi sita. Lakini watu walikuwa wanamtazama Gombera, na Gombera hakuonekana kukasirika. Nilikuwa karibu nikamwona vizuri. Alikuwa na uso wa mtu aliyekwaruzwa mahali panapowasha.

"Mmh," alisema.

Mmh haikuwa katika sheria. Si marahaba, na wala si kukataa. Bi Kazija aliteremka akiwa huru, na siku iliyofuata Waziri wa Usawa aliingia ofisini kwa Mwenyekiti akasema "Shika," akakohoa. Gombera akasema mmh. Baada ya mwezi mawaziri wote walikuwa na kikohozi, na baada ya miezi mitatu walikuwa wamepona na wanalimalizia neno lote.

Siwatu alipinga. Aliandika barua, akaandika tena, na barua zake zilipokelewa kwa stakabadhi. Alijibiwa na Kamati ya Sheria, kwa waraka wa kurasa arobaini, kwamba Amri ya Kwanza inakataza kushika miguu ya mtu, wakati Ndugu Gombera ni mwenye kiti tu. Kiti kina miguu minne. Anayesema shikamoo anashika miguu ya kiti, na samani haiwezi kuvunja usawa wa binadamu. Tatizo moja lililobaki, waraka uliendelea, ni kwamba kiti hakiwezi kuitika, na ni utovu wa adabu kuwaacha wananchi bila jibu. Kwa hiyo Mzee Mwinshehe arudishwe kazini, na hukumu yake ya kunyamaza isimamishwe saa za kazi.

Gombera alihutubia siku hiyo kwa masikitiko makubwa. Alisema yeye hapendi kuamkiwa, ni kiti kinachomlazimisha. Alisema amejaribu kusimama, lakini amesimama peke yake akaona taifa linayumba. Alisema aliapa kwamba nchi hii haitakuwa na mfalme tena, na kiapo hicho atakilinda kwa damu. Ndiyo maana amekubali, baada ya kuombwa sana na watu ambao majina yao yatatangazwa, kuwa Kaisari. Mfalme ana nchi moja, aliyorithi. Kaisari anatumikia nchi nyingi. Mtu mmoja uwanjani akauliza mbona tuna nchi moja. Gombera akasema hilo litatazamwa, na mtu huyo pia.

*

Siku ya kumtawaza, viongozi wote wa mapinduzi walitakiwa kuwa wa kwanza kukiamkia kiti. Atakayefika saa sita adhuhuri hajaitikiwa ni adui wa Dola, na adui wa Dola ananyongwa saa nane uani. Mafundi walikuwa wanajaribu mbao za kitanzi pale nje, na kila waliposhusha mfuko wa mchanga tulisikia kishindo ukumbini.

Walikuja mmoja mmoja, wakasema, wakaitikiwa, nikaandika. Siwatu aliingia wa mwisho, saa sita kasoro dakika tano. Mpambe alisoma jina lake. Alisogea mbele ya kiti akasimama, mikono chini, midomo imefungwa. Naweza kuapa juu ya midomo ile, kwa kuwa kuitazama ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Dakika ya kwanza ilipita. Mpambe alisoma jina tena, kana kwamba hakusikia mara ya kwanza. Mzee Mwinshehe alikuwa ameshika kigoda kwa mikono miwili. Uani mfuko wa mchanga ukashushwa. Siwatu alimtazama babake kama alivyomtazama akiwa na miaka saba, ila safari hii alikuwa anamwomba anyamaze. Hilo mtu yeyote angeliona. Saa ya ukutani ilibakiza dakika moja.

"Marahaba," alisema Mzee Mwinshehe.

Ile sauti ilijaa ukumbi. Nikaandika.

"Baba," alisema Siwatu, "sikusema kitu."

Saa ikagonga. Mpambe akamkabidhi cheti, naye akakiacha kidondoke. Alitoka bila kukimbia, na hakuna aliyemzuia, maana kwa mujibu wa daftari alikuwa ameamkia. Siku hiyo hiyo alivuka mto akaenda kuishi ng'ambo, nchi ya jirani, akafundisha shule huko. Babake alibaki kwenye kigoda akitazama mlango, na alipoitwa kula hakusikia.

Gombera aliinama akaniuliza kama limeandikwa. Nikamwambia limeandikwa, Mtukufu. Alitafakari, akatabasamu taratibu. Kesho yake ikatoka amri ya sentensi moja, fupi kuliko zote tulizowahi kuwa nazo: kimya ni shikamoo.

*

Hivyo ndivyo Dola ilivyokua. Wanahistoria wetu wanataja vita, lakini vita vilikuwa vichache. Mara nyingi tulikwenda mpakani na Mzee Mwinshehe, kipaza sauti, jeshi, na daftari langu. Tulisubiri upande wa pili wanyamaze, Mzee akaitika, nikaandika jina la nchi, jeshi likaingia kusimamia utaratibu.

Nchi ya kwanza tuliichukua wakiwa wamelala mchana kwa joto. Ya pili walikuwa wanamwomboleza rais wao kwa dakika tatu za kimya, na katika dakika ya pili walikuwa wetu. Ya tatu balozi wao alikuja kulalamika, akaombwa asubiri kidogo, akasubiri. Gombera alishona joho refu zaidi baada ya kila safari. Mzee Mwinshehe alizeeka kwa kasi, akaanza kutembea ameshika bega langu. Njiani hakusema kitu. Siku moja tu aliniuliza kama ng'ambo ya mto watoto wanaamkiaje wazazi wao, nikamwambia sijui, nikabadilisha mazungumzo.

Nilijua zamu ya ng'ambo itafika, na ilifika. Msafara uliongozwa na Meja Tindwa, mtu mpole mwenye meno mazuri. Kabla hatujaondoka alitukumbusha kwamba mtumishi atakayeshindwa kazi yake siku hiyo atapigwa risasi ukingoni hapo hapo, na familia yake itafutiwa vyeti. Alisema hivyo bila ubaya, kama mtu anayekumbusha watu wabebe maji ya kunywa.

Asubuhi tulikuta wamejipanga ng'ambo, maelfu, wamekuja na ngoma, sufuria na mabati. Walishasikia kilichowapata wenzao. Walipiga kelele tangu saa moja, na mto ni mwembamba, masikio yetu yaliuma. Meja Tindwa aliagiza chai. Alituambia mikono huchoka. Saa nne ngoma zilianza kulegea, saa nne na nusu sufuria zikawa moja moja, na mwishowe akabaki mzee mmoja na bati lake, akaliweka chini, akajishika mgongo.

Kukawa kimya. Meja akamkabidhi Mzee Mwinshehe kipaza sauti.

Hapo ndipo Siwatu alipotoka kati ya watu akaingia majini hadi magotini. Alikuwa amekonda zaidi. Hakuhitaji kupaza sana sauti.

"Baba," alisema, "hatujakuamkia."

Meja Tindwa alimwambia Mzee kwa upole kwamba hiyo si shikamoo, lakini si tusi pia, na itahesabiwa kama kimya kilichochafuka. Aitike upesi. Askari walikwisha kuingiza mguu mmoja majini. Bastola ya Meja ilikuwa mkononi, imeelekezwa chini.

Mzee Mwinshehe aliniachia bega. Alikitazama kipaza sauti, akakiweka kwenye majani. Nilimwona anavuta pumzi, nikainua kalamu, kwa sababu nilikuwa nikimsikia akivuta pumzi ile kwa miaka mingi na nilijua neno gani hufuata. Lilikuja neno jingine.

"Siwatu mwanangu," alisema, "hujambo?"

Baba alimwanza mtoto kwa salamu. Alisema kwa sauti yake yote, ile ya serikali, na haikuwa ya serikali tena. Siwatu alishika mdomo. Meja alimwacha ajibu, nadhani kwa mshangao tu.

"Sijambo, baba," alisema.

Hakuna kanuni ya jeshi kuvuka bila marahaba. Askari walisimama mguu mmoja majini, mwingine mchangani, wakatazamana. Kwa muda wa pumzi chache, Dola ya Kaisari ilikuwa imefika mwisho wake, ukingoni pale, na mimi nililiona jambo hilo kwa macho yangu. Kisha Meja Tindwa akanigeukia mimi.

"Karani," aliniambia, "ameitika?"

Nilikuwa na kalamu mkononi. Nina mke, nina watoto wanne. Mzee Mwinshehe alinitazama, wala hakuniomba kitu. Nafikiri hakuona haja, kwa kuwa tulikaa pamoja miaka mingi na alidhani ananijua. Niliandika jina la nchi ile katika safu ya kwanza, na katika safu ya pili nikaandika marahaba.

Meja alisoma, akaridhika, akainua mkono. Jeshi likavuka. Mzee walimmaliza pale kwenye majani kabla askari wa mwisho hajafika ng'ambo. Siwatu nilimwona mara ya mwisho akiwa bado majini, anajaribu kuja upande wetu wakati watu wote wanakimbia upande wa pili. Jioni niliambiwa nisimtafute kwenye orodha yoyote.

Tangu siku ile Dola haina Mwitikiaji. Imeonekana sauti haihitajiki, inatosha kalamu. Nimepandishwa cheo, nina ofisi yenye mapazia, na watu wakipita mlangoni kwangu wananyamaza kwa heshima, nami nawaandika. Sina aliyenilazimisha kuandika haya. Nayaandika mchana, mlango ukiwa wazi, na najua yatakayonipata yakisomwa. Nimeandika marahaba nyingi kuliko alizoitika Mzee, na sitaki kufa hiyo ya mtoni ikiwa ndiyo inayosomwa. Kwa hiyo naandika nilichokisikia siku ile, kama karani anavyopaswa: Mzee Mwinshehe alisema hujambo, na mwanawe akasema sijambo.